Sailensa ya Chiriku

Katika gereji yangu mteja hachagui sailensa huku akilitazama gari. Namsimamisha mbele ya ukuta wa nyuma, uso kwenye matofali, mgongo kwa gari, na ole wake ageuke. Nafunga sailensa ya kwanza kwa vibano, nakanyaga mafuta napiga resi mara tatu, naifungua. Nafunga ya pili, napiga resi. Ya tatu vivyo hivyo. Ndipo namwuliza, "Ipi?" Akishajibu, namruhusu ageuke aone alichokichagua. Mara nyingi anakuta amelipenda kopo jeusi lisilo na mvuto wowote, na lile la kung'aa aliloingia akilisifia, ambalo ameshalipiga picha, ndilo alilolikataa kwa masikio yake mwenyewe.

Watu huchagua sailensa kwa macho. Huo ni ugonjwa, na daktari wake ni mimi.

Wananiita Masikio. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na mtaa, na mtaa hautoi jina bure. Nikiwa nimekaa barazani kwangu naweza kukwambia gari linalopita barabara ya tatu ni la nani, lina muda gani halijabadilishwa oili, na kama dereva wake ameamka vizuri. Hilo la mwisho natia chumvi kidogo. Mengine ni kweli tupu. Bomba la moshi likiwa pana mno, sauti inapasuka inakuwa makelele. Likiwa jembamba mno, gari linakohoa. Ndani ya sailensa kuna bomba lenye vitundu, limezungushiwa sufi ya kumeza makali. Ukijaza sufi nyingi sauti inazimika, ukiweka kidogo inalia kama bati. Masega, yaani lile kopo la kusafisha moshi lililo karibu na injini, siyatoi kwenye gari la mtu yeyote, hata anipigie magoti, kwa sababu hewa ile na mimi naivuta. Mengine yote nayabadilisha. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na sijaona wa kunifundisha.

Mimi mwenyewe siendeshi. Nina baiskeli, na nikiwa na safari napanda basi. Gari la mteja nalipokea getini, nalikabidhi getini.

Mke wangu ni mshonaji. Cherehani yake iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, si mbali na gereji, na wateja wake anawatesa kuliko ninavyowatesa wangu. Mtu akija kujaribu suruali, hamwachi asimame mbele ya kioo akajigeuzageuza na kujisifu. "Kaa," anamwambia. Anakaa. "Inama ufunge kiatu." Anainama. "Nyanyua mikono, kama unatundika pazia." Mtu mzima na heshima zake ananyanyua mikono. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia nguo ni ya kupendeza, si ya mazoezi ya viungo. Alikuwa akinitazama juu ya miwani, kisha anarudi kwenye pindo lake. Ningemwuliza sababu siku moja tu, ningejiokolea aibu ya miezi miwili. Lakini mimi si mtu wa kuuliza.

Tuna binti mmoja. Tulimwita Chiriku tangu ana miaka miwili, kwa kuwa alianza kusema na hakuwahi kunyamaza. Anasema akila, anasema akipiga mswaki, ukimwacha chumbani peke yake unasikia anaendelea. Siku hizi ni mpimaji wa maji. Kazi yake ni kuchota maji ya visima na mabomba kwenye vichupa, kuyapima maabara, na kuwaambia wakubwa mambo wasiyopenda kuyasikia. Anaishi mji mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara kuu. Kila Jumamosi saa saba mchana anafika nyumbani, na Jumapili saa nane anaondoka. Sifichi: Jumamosi ndiyo siku ninayoishi. Siku nyingine nafanya kazi tu.

Mwaka huu alinunua gari. Dogo, silinda nne, limeshatumika lakini limetunzwa, rangi ya maziwa. Lilikuwa na kasoro moja, na kasoro yenyewe ilikuwa kama zawadi kwangu: sailensa ilikuwa imeoza, ukiigusa kwa bisibisi inameguka kama mkate mkavu.

"Baba, niwekee ya kawaida tu," aliniambia. "Isiyopiga kelele. Basi."

"Ya kawaida?"

"Kama ile iliyotoka nayo kiwandani."

"Binti ya Masikio apite mjini na sauti ya kiwandani? Watu watadhani baba yako kafa, waulize mazishi ni lini."

Alicheka. "Haya, Baba. Fanya unavyojua."

Fanya unavyojua. Maneno hayo ni hatari kumwambia mtu kama mimi.

Nilifunga milango kwa wateja siku tatu. Kopo la katikati, lile la kupunguza mvumo kabla moshi haujafika nyuma, nililikata nikalitupa rafuni na kuliandika kwa chaki TAKATAKA. Mahali pake nikachomea bomba lililonyooka. Nyuma nilijaribu sailensa tano. Nilimwita jirani yangu muuza betri anipigie resi, na mimi mwenyewe nikasimama ukutani, uso kwenye matofali, kama nilivyowasimamisha watu miaka yote. Ya kwanza ilikuwa na majigambo. Ya pili ilikuwa na mafua. Ya nne nusura niichukue. Hatimaye nikachagua ya tano, ndogo ya mviringo, niliyoifungua na kuijaza sufi upya kwa mkono wangu mara mbili mpaka ikakubali. Jamani, sauti ile. Nzito bila kiburi. Ilianzia chini, ikapanda bila kukimbia, na ukiachia mafuta ilijishusha yenyewe kwa mikoromo midogo, kama mtu mzima anayecheka amefumba mdomo. Muuza betri alizima gari akatoka nje, akasema, "Hii usimwekee mtu mwingine yeyote." Nikamwambia hayo nayajua.

Siku ya kulichukua, Chiriku aliwasha gari, na mimi nikafumba macho. Nakiri machozi yalinilenga. Alipoondoka nilisimama katikati ya barabara. Pale kwenye kona ya duka la dawa alikanyaga mafuta, ile sauti ikapanda, ikapinda na kona, ikaenda ikipungua mpaka ikabaki uzi. Nilisimama mpaka na uzi ukakatika. Kisha nikarudi ndani.

"Umesikia?" nikamwuliza mke wangu.

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

Nilichukulia kuwa ni sifa.

Jumamosi iliyofuata Chiriku alifika saa saba na nusu, na mimi nilishamsikia tangu darajani. Aliniamkia, akamkumbatia mama yake, akaomba maji na dawa ya kichwa, akaenda kulala. Ni jua, tukasema. Jumamosi ya pili yake akafanya vilevile. Mezani nilimhadithia kisa kizuri sana. Dalali wa mashamba, mteja wangu, anayezunguka mikoani kuonyesha watu viwanja, alirudi gereji akilalamika kwamba sailensa niliyomwekea inamuumiza kichwa safarini. Nikamsimamisha nyuma ya gari lake, nikapiga resi. "Unasikia ubaya wowote?" Akasema hapa hapana. "Basi gari ni zima," nikamwambia, "kibovu ni kichwa. Mwone daktari." Nilicheka mpaka nikakohoa. Chiriku alitabasamu akatazama sahani yake. Kisha akasema, "Unasemaje, Baba?" Nikamrudia kisa chote kutoka mwanzo.

Siku zile alikuwa na tabia hiyo, kutuomba turudie maneno. Sikuitilia maanani.

Jumamosi ya nne hakuja, kazi. Ya tano alikuja jioni, akaondoka asubuhi. Kila alipoondoka nilisimama barabarani, na kila alipofika kwenye kona ya duka la dawa alikanyaga mafuta, na nilirudi ndani nimefurahi. Lakini Jumatano moja akapiga simu.

"Baba, nafikiri nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi tu. Safari inanichosha."

Safari hiyohiyo alikuwa akiifanya kwa basi miaka miwili, na alikuwa akishuka stendi anasema, anafika nyumbani anasema. Leo ana gari lake, lenye sauti isiyo na mfano, ndiyo imchoshe? Nilipiga hesabu zangu, nikapata jibu lililonitia uchungu.

"Kuna mtu," nikamwambia mke wangu.

Alikata uzi kwa meno. "Yupo," akasema. "Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Akija, panda gari lake. Mfikishe kwake, urudi na basi. Kisha uje tuongee."

"Amekwambia kitu?"

"Ameniapisha."

Mke wangu akishaapishwa, neno hulitoi hata kwa koleo. Nilizunguka naye siku nzima, nikambembeleza, nikanuna, nikarudi kubembeleza. Yeye alinyoosha kola tatu.

Mwisho wa mwezi Chiriku alikuja, na Jumapili saa nane nikatoka nimevaa viatu vya safari. "Leo nakusindikiza," nikamwambia. Uso ulimbadilika kidogo. Alimtazama mama yake. Mama yake akatazama dari.

Ndani ya mji nilikuwa mfalme. Tulipita sokoni, tukapita kwenye matuta ya shule, tukasimama kwenye taa, na kila tulipoondoka nilishusha kioo nisikie. Watu walikuwa wanageuka. Mwenye pikipiki mmoja alininyanyulia kidole gumba, nami nikampungia kama vile nimemtuma. "Unasikia?" nilimwuliza Chiriku. "Nasikia, Baba." Nilivimba kichwa, sikatai.

Nyumba zikaisha, barabara ikanyooka, akaweka gia ya mwisho. Sabini. Themanini. Tisini. Ilipofika kama tisini na tano ikaja.

Haikuwa kelele. Kelele ningeijua. Ulikuwa mvumo mmoja mnene, usiopanda wala kushuka, ulioingia kwa sakafu, ukapita kwenye kiti, ukakaa nyuma ya macho. Puliza mdomo wa chupa tupu utaipata sauti ya namna ile. Ila chupa hii sisi tulikuwa ndani yake. Nikapandisha kioo. Ukaongezeka. Nikashusha. Upepo ukaja, na mvumo ukabaki palepale.

"Punguza kidogo," nikamwambia. Kwa themanini ulipotea kabisa, na lori lililokuwa nyuma yetu likatupigia honi. Akaongeza. Kwa mia na kumi ulipotea pia. Lakini kasi ya barabara ile, kwa kila mtu mwenye akili timamu na watu wanaompenda, iko katikati ya tisini na mia na tano, na hapo katikati ndipo mvumo ulipojenga nyumba.

Nilijitia hamnazo. Nikaanzisha mazungumzo ya mvua. "Unasemaje?" akasema. Nikayarudia kwa sauti ya juu. Baada ya dakika kama ishirini kichwa kilianza kunibana kwenye panda za uso, na meno ya nyuma yakawa na ganzi. Ndipo nilipomwona Chiriku anafungua kijisanduku cha mbele bila kutazama, kwa mkono uliozoea, akatoa pamba, akavingirisha kipande kwa vidole viwili. Mkono ulikuwa umeshafika sikioni alipokumbuka niko naye. Akaushusha haraka, akakificha kile kipande chini ya paja.

"Weka tu," nikasema.

"Nini, Baba?"

"Pamba. Weka."

Niliumia. Sisemi niliona haya. Haya zilikuja baadaye. Niliumia kifuani, kama mtu aliyesukumwa, kwamba mwanangu anaziba masikio ili asiisikie kazi ya mikono yangu.

Nikamwambia asimame. Alitoka kwenye lami, akaweka gari pembeni, injini ikawa inanguruma yenyewe. Na pale, gari limesimama, ile sauti ikarudi, nzuri vilevile, inacheka imefumba mdomo. Nilitamani nishuke niipige teke.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, Baba?" Sasa alisema kwa sauti yake ya kawaida, na nikagundua ni muda gani sijaisikia. "Unasimama katikati ya barabara mpaka nipotee. Mimi pale kwenye duka la dawa nakanyaga mafuta makusudi, ili usikie. Mama anasema ukirudi ndani unakuwa na furaha mpaka unalala. Sasa nikwambie nini?"

"Uniambie kichwa kinakuuma."

"Dalali alikwambia."

Yule dalali nilimwambia amwone daktari, na kisa chake nilikihadithia mara mbili mezani, mbele ya huyu huyu, akiwa amemeza vidonge viwili.

"Na hii ya kuja mwisho wa mwezi ingekuwa mpaka lini?" nikamwuliza.

"Mpaka sailensa ioze," akasema, na macho yakamlenga, na wakati huohuo akacheka, nami nikacheka kwa sababu nilijua nimeichomea vizuri mno, ile isingeoza kwa miaka kumi.

Tulipomaliza kucheka nilikaa nikitazama lami. Miaka ishirini na sita nimewachagulia watu sauti kwa kusimama nyuma ya gari. Wateja nao nimewasimamisha. Ukutani wanasimama, mimi nasimama, muuza betri anasimama mlangoni. Nimewatengenezea sauti watu wanaobaki barabarani. Anayeondoka na gari sikuwahi kukaa naye hata siku moja. Na nyumbani kwangu, hatua chache kutoka gereji, kuna mwanamke ambaye kila siku anawaambia watu: kaa, inama, nyanyua mikono.

"Geuza gari," nikasema.

"Baba, kesho asubuhi nina kazi."

"Visima havikimbii. Piga simu useme utachelewa. Geuza."

Mke wangu alituona tukirudi. Alitazama uso wangu, akatazama wa binti yake, akachukua utepe wake wa kupimia akautia shingoni, akatufuata gereji.

Sasa msinielewe vibaya. Nilikuwa nimeumia, sikuwa nimekata tamaa. Chini ya gari mimi bado ni mimi. Na nitasema ukweli: nilivyolipandisha gari juu ya jeki, nia yangu ilikuwa kuua mvumo bila kuigusa sauti yangu. Dawa ipo. Unachukua bomba jingine, unaliziba mwisho, unalichomea ubavuni mwa bomba kuu. Mvumo unaingia humo, unagonga mwisho, unarudi na kukutana na mwenzake, wanauana. Siri yote iko kwenye urefu. Likizidi vidole viwili linaua mvumo mwingine usio na kosa. Dawa hiyo niliijua tangu ujana. Ila sikuwahi kuona mgonjwa, maana sikuwahi kupanda gari naye.

Nilikata bomba lenye urefu wa mkono wangu na kiganja juu yake, nikalichomea, tukaingia wote watatu. Chiriku usukani, mimi mbele, mama yake nyuma. Tukaenda mpaka nyumba zilipoisha. Kwa tisini na tano, mvumo uko palepale. Kwa themanini na tano kimya cha ajabu, mahali ambapo hapakuwa na shida.

"Refu mno," nikasema.

"Nipunguze ngapi?" mke wangu akauliza, utepe tayari mkononi, kama vile ni mkono wa shati.

Tukarudi. Alipima, nikakata sentimita sita, nikaziba, tukatoka tena. Safari hii mvumo ulishuka zaidi ya nusu. Kwa tisini na tano mtu aliweza kuongea akasikika. Nilipiga dashibodi kwa furaha. "Mnaonaje?"

"Njoo ukae huku nyuma," mke wangu akasema.

Tukabadilishana. Nyuma, juu ya ile sailensa yangu tamu, bado ulikuwepo. Mdogo, lakini upo, kwenye mifupa ya kiuno.

"Nikienda kumtembelea mwanangu nitakaa hapo," mke wangu akasema kutoka mbele. "Nakufahamisha tu."

"Baba, imepungua sana," Chiriku akadakia. "Inatosha. Kweli, inatosha."

Niliisikia ile "inatosha". Wengine wasingeisikia, lakini mimi jina langu sikulipata bure. Ilikuwa na sauti ileile ya "fanya unavyojua", ileile ya kukanyaga mafuta kwenye kona. Alikuwa ameshaanza tena kunihurumia. Angeondoka nayo, angeivumilia, angekuja wiki hii na wiki ijayo, kisha zingeanza kazi nyingi.

"Haitoshi," nikasema. "Turudi."

Jua lilikuwa linaingia gereji kwa chini, kupitia mlangoni. Nilivaa miwani, nikawasha msumeno, nikaikata sailensa yangu. Siku tatu za kuijenga, dakika nne za kuitoa. Niliiendea rafu nikalishusha lile kopo la katikati, nikalifuta chaki kwa kiganja, nikalirudisha mahali pake. Nyuma nikafunga sailensa ya kawaida, pana, nzito, isiyo na sura, kama ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndiyo hiyo aliyoniomba siku ya kwanza. Muuza betri alichungulia, akaona niliyoiweka na niliyoitoa, akataka kusema neno. Nikamnyooshea koleo.

Nilipomaliza sikupiga resi. Sikusimama nyuma ya gari wala mbele ya ukuta. Nilifungua mlango wa nyuma nikakaa.

Tisini. Tisini na tano. Mia. Watu watatu tumekaa kimya kama tunangoja matokeo ya mtihani. Nilitega sikio chini ya kiti, nikatega kwenye sakafu, nikatega kwenye mifupa ya kiuno.

"Mimi nasikia matairi," mke wangu akasema.

Ni kweli, yalikuwepo matairi, na upepo kidogo kwenye kioo cha kushoto, na kitu kinachogongana kwenye mkoba wa Chiriku, nadhani vichupa. Zaidi ya hapo hapakuwa na cha kusikiliza. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na ukiwa barabarani hutajua kama imepita.

Aliondoka kesho yake alfajiri. Nilisimama barabarani kwa mazoea. Kwenye kona ya duka la dawa nadhani alikanyaga mafuta, sina hakika.

Jumanne nilimpigia simu dalali wa mashamba. Nikamwambia alete gari, na kichwa chake akilete pia, kwa kuwa daktari aliyetakiwa kumwona ni mimi. Akauliza kama naumwa. Alipofika nilimwomba radhi mbele ya muuza betri, kwa maneno yanayosikika, kisha nikakaa kiti cha mbele cha gari lake tukaenda barabara kuu, na kwa kilomita kumi aliniadhibu kwa mvumo mbaya kuliko ule wa Chiriku. Ukuta wa nyuma bado naupenda, na mteja wangu bado anageuziwa uso kwenye matofali. Ila akishachagua tunapanda gari lake na kwenda mpaka nyumba zinapoisha, na pale ndipo namwuliza mara ya pili. Wengi hubadilisha mawazo. Muuza betri anasema nimezeeka. Namwambia apande na yeye.

Ikafika Jumamosi. Tangu saa sita nilikuwa barazani nimevaa shati safi, mikono magotini, natega sikio. Lori la mchanga, breki za nyuma zinalia. Pikipiki isiyo na adabu. Gari la mwalimu mkuu, mkanda wa feni umelegea, nimemwambia hasikii. Saa saba ikafika. Saa saba na dakika kumi. Nikaogopa, nasema wazi. Mtu akishazoea Jumamosi zake mwenyewe, na marafiki zake, na kupumzika kwake, huwezi kumrudisha kwa kipande cha bomba. Kichwa kimepona, lakini huenda mazoea yameshakatika. Ndani, cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Mke wangu naye alikuwa anasikiliza.

"Amefika?" akaniuliza kutoka dirishani.

"Bado. Ningesikia."

Geti likasukumwa.

"...ndipo nikamwambia bosi, kama hayo maji ni salama, haya, glasi hii hapa, anza wewe, na wote wamekaa pale wanatazama viatu vyao, shikamoo Baba, mbona umevaa hivyo, kuna mgeni? Mama! Mama, nimekuletea kile kitambaa, sasa sikiliza bosi alivyofanya..."

Alikuwa ameanza kusema akiwa bado njiani, peke yake, na alikuwa ameingia katikati ya maneno. Nyuma yake, nje ya geti, gari la rangi ya maziwa lilikuwa limeegeshwa kivulini, limezimwa, hatua kumi kutoka nilipokaa mimi.

"Ungesikia, enh?" mke wangu akasema kutoka dirishani.

Nikamsogezea Chiriku kiti. "Kaa," nikamwambia. Akakaa, hakunyamaza, na chai aliyotuletea mama yake ikapoa mbele yetu sote watatu.